Somo: Kutunga asaimenti inayopima matokeo ya ujifunzaji

Walimu wenzangu wa vyuo vya Moshi na Arusha, asaimenti nyingi hutungwa bila silabasi kufunguliwa, na ndiyo maana mwanafunzi hupata alama nzuri katika jambo ambalo kozi haikukusudia kumfundisha. Mtaalamu wa elimu John Biggs alieleza mwaka 1996 kwamba matokeo yaliyokusudiwa, ufundishaji na upimaji lazima vielekee upande mmoja.

Hatua ya kwanza: anza na kitenzi. Tuseme silabasi inataka mwanafunzi "aweze kuchambua taarifa ya fedha ya chama cha msingi cha ushirika". Ukimwambia "eleza umuhimu wa taarifa za fedha", umempima kumbukumbu tu. Ngazi za kufikiri za mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizorekebishwa mwaka 2001, hupanda kutoka kukumbuka, kuelewa na kutumia hadi kuchambua, kutathmini na kuunda. Swali lako lisishuke chini ya ngazi iliyotajwa kwenye silabasi.

Hatua ya pili, ambayo naomba tuipe muda mwingi kuliko zote: amua mwanafunzi atakabidhi nini. Mpe mizania (taarifa za mali na madeni) na takwimu za makusanyo za miaka miwili za AMCOS ya kahawa ya kubuni, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ambamo madeni wanayodaiwa wanachama yamepanda huku kilo za kahawa ya maganda zilizokusanywa zikipungua, kisha aiandikie bodi barua ya ukurasa mmoja akishauri kama mikopo ya pembejeo iendelee kutolewa. Hawezi kuandika barua hiyo bila kuchambua, kwa sababu kila ushauri utadai takwimu inayoubeba.

Hatua ya tatu: andika mwongozo wa usahihishaji kabla ya kugawa kazi, na uwape wanafunzi. Katika alama 20, uchambuzi upate 12, ushauri 5, lugha na mpangilio 3.

Hatua ya nne: pima muda. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, krediti 1, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, kujisomea na mitihani, kwa hiyo asaimenti moja isizimeze zote.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, nina wanafunzi 200. Barua hizo nitazisahihisha lini?*
Wagawe katika makundi ya watu watano, upate barua 40. Hata hivyo, kila mmoja aandike aya yake, yenye jina lake, kuhusu takwimu moja aliyoichambua, maana alama ya kundi peke yake haikuonyeshi nani anaweza na nani amebebwa.

*Silabasi yetu inasema "aelewe" tu. Naruhusiwa kubadilisha?*
Mtaala ulioidhinishwa hubadilishwa kupitia idara na vikao vya juu vya chuo, si na mwalimu mmoja. Unachoweza kufanya leo ni kueleza kwenye karatasi ya asaimenti uelewa huo utaonekanaje, kwa mfano: "eleza, kwa mfano wako mwenyewe, kwa nini chama chenye faida kinaweza kukosa fedha taslimu."

*Wanafunzi wangu hunakili kazi za mwaka uliopita. Nifanyeje?*
Badilisha takwimu kila mwaka na kwa kila kundi. Ukibakisha kitenzi kilekile na mwongozo uleule wa usahihishaji, matokeo unayoyapima hayatabadilika, lakini ushauri wa mwaka jana utapingana na mizania mpya, na utauona mara moja unaposahihisha.