Kuchagua pampu ndogo ya baiskeli bila kupoteza pesa

Anza na valvu ya tyubu yako. Zipo aina mbili: Schrader ni nene kama ya gari; Presta ni nyembamba, ina kinati kidogo nchani ambacho lazima ukilegeze kabla ya kujaza upepo. Pampu nzuri hukubali zote mbili.

Kisha angalia unene wa silinda, yaani bomba la pampu. Tairi pana za milimani hutumia psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 25 hadi 40, kwa hiyo silinda nene hujaza haraka. Tairi nyembamba za barabarani hutaka psi 80 au zaidi. Hapo silinda nyembamba ndiyo itakayookoa mikono yako. Namba kubwa ya psi iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye: kuifikia kwa mkono ni kazi nyingine.

Lipia zaidi pampu yenye mpira mfupi unaopinda. Ile inayobanwa moja kwa moja kwenye valvu huyumba unapopampu, na shina la valvu linaweza kung'oka kwenye tyubu.

Kabla ya kununua, ziba kwa kidole tundu la pampu linalotoa upepo, sukuma mpini. Ukirudi kwa nguvu, washa (mpira wa ndani unaozuia upepo kuvuja) ni nzima. Ukizama taratibu, iache.