Ukimchukua mbwa mlemavu Kampala: chipu kwanza, sindano baadaye

Ndugu zangu Watanzania na Wakenya tunaofanya kazi Kampala, kumchukua mbwa kwenye kituo cha wanyama waliookolewa si jambo gumu. Unajaza fomu, unapata ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, unalipa ada, unaondoka naye. Habari za minyoo na chakula mnazijua tangu nyumbani. Kinachoumiza watu ni kadi ya chanjo, na hapo ndipo naomba mnisikilize.

Mbwa wangu ni jike dogo, koko, aliyegongwa na bodaboda akapooza miguu ya nyuma. Nilikabidhiwa kadi yenye muhuri, sahihi na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chipu, yaani kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, aliwekewa baadaye, kliniki nyingine. Kazi iliponihamishia Uholanzi, kadi ile haikunifaa kitu. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechomwa sindano ndiye huyu. Ikabidi achanjwe upya. Mimi nikatangulia, yeye akabaki kwa jirani, nikawa nalipia matunzo yake kutoka mbali.

Narudia: chipu kwanza, chanjo baadaye. Vyote viwili vinaweza kufanywa siku moja, mradi chipu itangulie na isomwe kwa mashine kabla ya sindano. Na safari hapo bado ni ndefu. Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo Ulaya huziondolea kipimo cha damu. Baada ya chanjo unangoja siku 30 au zaidi, damu inatolewa na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, majibu yaonyeshe kinga ya kichaa cha mbwa isiyopungua 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, kisha unangoja miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Hiyo ni miezi 4 na ushee kabla hata hujakata tiketi. Chanjo ya marudio ikipita tarehe yake, kipimo hakifai tena.

Kwa hiyo usitoke kliniki kabla hujaona kwa macho yako tarakimu 15 za chipu, tarehe iliyowekwa, tarehe ya chanjo na namba ya toleo la dawa. Ukiambiwa zitajazwa kesho, kaa pale pale kwenye benchi. Watu wa Kampala wana adabu ambayo sisi wa pwani tunaitambua na kuipenda, ila adabu hiyo haipendi kukutamkia “hapana”. Unaitwa “nnyabo”, yaani bibie kwa Kiganda, unapewa kiti, unaulizwa habari za nyumbani, unatoka ukiamini mambo yamekwisha. Uliza wazi: limeandikwa wapi?

Usiseme Ulaya haikuhusu. Mikataba yetu huisha ghafla, na mbwa huyu anaweza kuishi miaka mingi kuliko kazi yako.

Kwa wanaorudi nyumbani: kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi yako, kisha cheti cha afya kutoka wizara inayohusika na mifugo, Entebbe. Nanyi shangazi na binamu mnaotushauri tumtie kwenye kikapu tupande basi la usiku, eti mpakani Mutukula nani atauliza, tunajua mnatutakia mema. Lakini kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakina tiba, na watakaomchezea wa kwanza ni watoto wenu. Mama yangu mdogo yeye alihofia najisi ya mate. Sikubishana naye, nilitenga vyombo na nguo za kuswalia, akaridhika.

Ulemavu wenyewe unabebeka. Mbwa waliopooza, wengi wao hawawezi kukojoa wenyewe, kwa hiyo kibofu hukamuliwa kwa mkono mara 3 au 4 kwa siku, na mkojo ukibaki huleta maambukizi. Mwambie daktari akuongoze mkono wako mpaka uweze. Mgeuze, mkague vidonda vya kulalia. Kigari cha magurudumu mafundi wa mtaa wa Katwe hapa Kampala wanaweza kukiunda ukiwapelekea vipimo, lakini asishinde ndani yake, maana hawezi kulala humo.

Askari wa getini aliniuliza huyu atamkamata mwizi gani. Liliniuma. Mjini hapa mbwa wengi huthaminiwa kwa ulinzi tu, na nadhani ndiyo sababu waliovunjika hubaki vituoni muda mrefu. Watoto wa mtaani kwangu hawakuuliza swali hilo. Walikuja kumsukuma kigari.

Neno moja kuhusu ndege. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka sanduku ambamo mnyama anaweza kusimama, kugeuka na kulala. Wako hasimami. Liandikie shirika la ndege mapema, ambatanisha barua ya daktari inayoeleza hali yake, na upate jibu lao kwa maandishi kabla hujalipa.