Somo: Taa ya UV-B kwa rehani ya ndani, inukie kama ya juani

Rehani inayooteshwa vyumbani, kwenye zile nyumba za mawe za Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, ambamo jua haliingii, hutoka na majani mapana ya kupendeza. Ukiyafikicha, harufu iko mbali. Kikuba chake, kile kishada cha kunukia, hakifiki hata jioni. Mbegu haina makosa. Mafuta ya rehani hukaa ndani ya vifuko vidogo mno kwenye uso wa jani, na mmea ukikosa miale ya UV-B vifuko hivyo havikui sawasawa. Azima lenzi ya sonara, ya kukuza mara 30, ugeuze jani la rehani ya juani: utaona vitone vinavyometa kama mafuta juu ya mchuzi. La chumbani, vifuko vimesinyaa.

Miale ya urujuanimno ina mafungu matatu: UV-A (nanomita 315 hadi 400), UV-B (280 hadi 315) na UV-C (100 hadi 280). Tunayoitaka ni B. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote, kwa hiyo kuweka chungu dirishani nyuma ya kioo hakusaidii kitu. Kama una dari wazi juu ya nyumba, panda huko na pesa zako ziweke. Jua la saa sita mchana kwetu mara nyingi hupita 11 kwenye kipimo cha miale ya urujuanimno (UV Index). Taa ni ya asiye na dari, au ambaye upepo wa kusi wenye chumvi humchomea miche.

Kwanza udongo na maji. Changanya mchanga fungu moja, samadi ya punda iliyooza kabisa fungu moja, na nyuzi za makumbi mafungu mawili. Tahadhari na makumbi: yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yaloweke maji matamu na kuyakamua mara tatu. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, tumia ya mvua.

Taa ya kukuzia ni nyingine, na ndiyo chakula. Tyubu mbili za LED nyeupe, wati 18 kila moja, zining'inie sentimita 20 hadi 25 juu ya vilele, ziwake saa 14: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. UV-B ni chumvi tu ya chakula hicho.

Sasa taa yenyewe. Inayopatikana ni ile ya kufugia kobe na mijusi: tyubu nyembamba ya T5, wati 24, urefu wa kama sentimita 55, iliyoandikwa UVB 12%. Haiingii kwenye holda ya tyubu nene tuliyoizoea, kwani pini zake zimeachana milimita 5, si 13, na inataka balasti yake (kifaa cha kuuongoza umeme wa tyubu) ya wati 24. Nyuma yake weka bati la alumini linalong'aa. Usitegemee ukuta wa rangi nyeupe ya dukani. Nyeupe ile machoni hung'aa, lakini UV huinywa.

Itundike sentimita 45 juu ya vilele. Usiiwashe mpaka kila mche uwe na jozi nne za majani. Miche michanga huungua. Anza wiki mbili kabla ya kuvuna: siku tatu za mwanzo dakika 10, tatu zinazofuata dakika 30, kisha saa moja kwa siku hadi mwisho. Taima ni lazima, mkono husahau. Saa hiyo iwe katikati ya mchana, taa nyeupe zikiwaka, kwa sababu jani hutumia mwanga wa buluu kurekebisha madhara ambayo UV-B imeyafanya kwenye chembe zake. Ukiipiga UV-B gizani, jani linaumia bila tiba.

Vuna asubuhi, kabla maua hayajafunguka.

MASWALI

*Malindi, Barani: Nina taa ya zambarau ya kukagulia noti. Haifai?*
Haifai, ndugu. Ile ni UV-A. Na taa za kuulia vijidudu majini usizijaribu hata siku moja; ni UV-C, zitaunguza mmea na wewe mwenyewe.

*Lamu, Shela: Majani ya juu yamekuwa rangi ya shaba, yanang'aa na kujikunja. Nimetia maji zaidi, hayarudi.*
Dada, si kiu hiyo, ni kipimo kimezidi. Pima tena urefu kwa futi: mmea umekua ukaisogelea taa, na wewe taa hukuipandisha. Zima UV-B siku tatu, pandisha, urudi na nusu ya muda. Yaliyoungua hayaponi, yakate, chipukizi zitakuja safi.

*Lamu, Langoni: Niifunike taa kwa kioo isipate chumvi ya hewani?*
La, kioo kitakula karibu UV-B yote. Izime, ipoe, ifute kila wiki kwa kitambaa kikavu. Pini ndizo zinazooza kwanza. Zikaguliwe kila mwezi, umeme ukiwa umekatwa.

*Malindi: Fundi kasema tyubu ibadilishwe kila mwaka, hata kama inawaka.*
Kwa mfuga kobe ni kweli, kwake inawaka saa 10 hadi 12 kila siku, na UV-B hupungua kabla jicho halijagundua. Wewe unatumia saa moja, kwa hiyo yako itakaa zaidi. Andika saa ulizotumia kwa kalamu ya wino kwenye bati.

*Lamu: Mama yetu alikuwa akipalilia chini ya taa. Usiku macho yakamwasha kama yana mchanga.*
Mpeleke hospitali aangaliwe. Ni jicho lililoungua, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Toka leo, swichi ya UV-B iwe nje ya mlango, na anayeingia azime kwanza. Ikibidi kuingia taa ikiwaka, avae miwani ya polikaboneti inayoziba pembeni na nguo ya mikono mirefu.