Ukiandika hadithi yenye bunduki za zamani, soma hii kwanza

Kabla hujampa mhusika wako silaha, jua kwanza hadithi inatokea mwaka gani, maana hapo ndo waandishi wengi tunaharibu. Gobore la gumegume (bunduki ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe) linapakiwa kwa mdomo, unamimina baruti, unashindilia risasi, na hata askari aliyefunzwa vizuri anapiga kama mara 3 tu kwa dakika, halafu moshi unatanda hadi haoni mbele, na mvua ikilowesha baruti ndo basi tena. Hiyo ni zawadi kwa mwandishi jamani! Zile sekunde za kupakia ndo hofu inapokaa, usiziruke.

Ukitaka kitu cha ajabu zaidi, mi napenda sana bunduki ya upepo ya Girardoni, jeshi la Austria liliitumia kuanzia miaka ya 1780, inapiga risasi kama 20 bila moshi, ila kitako chake ndo tangi la hewa na kulijaza ni kupampu zaidi ya mara elfu. Mpe mhusika aliyechoka aipampu usiku kucha.

Na sailensa (kile kifaa cha kupunguza mlio) usiweke kwenye rivolva yoyote tu, nyingi zinavujisha gesi pembeni na mlio unatokea hapo hapo. Rivolva ya Nagant ya 1895 ndo inaziba hiyo gesi.