Kupasua Magogo Shambani kwa Mashine ya Kuhamishika: Ushauri kwa Mkulima wa Misindano na Milingoti

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, kaya nyingi zimepanda misindano kama akiba ya ada za shule, ujenzi na uzee. Mkulima husafisha shamba, hupalilia, hupunguza matawi, huchimba barabara za kuzuia moto na kusubiri miaka mingi, kisha siku moja mashine ya kupasulia mbao inaingia shambani na ndani ya siku tatu au nne kazi yote imekwisha. Katika siku hizo chache ndipo hasara kubwa hutokea, na mara nyingi mkulima haioni kwa sababu imegeuka unga wa mbao na mabanzi, yaani vipande vya nje vya gogo vyenye ganda, yaliyotupwa kando. Ushauri wangu wa kwanza, ambao nautoa kwa uzito wote, ni kwamba mwenye shamba awepo mwenyewe wakati wa kupasua, akiwa na futi kamba, kalamu na daftari.

Mashine inayojulikana zaidi kwetu ni ile inayoitwa dingdong: meza ya chuma, sahani ya msumeno ya mviringo, injini ya dizeli na mkanda unaounganisha injini na sahani, na gogo husukumwa kwa mikono kuelekea kwenye sahani. Inapendwa kwa sababu ni ya bei nafuu, inavutwa kwa urahisi hadi shamba la mbali, na fundi wa kuitengeneza hakosekani. Mashine ya msumeno wa mkanda hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa gogo hulala likiwa limebanwa na kichwa cha msumeno ndicho kinachotembea juu ya reli. Wapo pia wanaopasua kwa msumeno wa mnyororo bila kifaa chochote cha kuuongoza, na hao nawasihi waache, kwa maana mnyororo hula mbao nyingi mno na ubao unaotoka huwa na unene unaobadilika kila hatua.

Tofauti kati ya mashine hizi imo katika upana wa njia ambayo msumeno unaichimba ndani ya gogo. Sahani ya mviringo huchimba njia ya milimita 6 hivi, na nyingine hupita hapo, wakati msumeno wa mkanda huchimba milimita 2 hadi 3. Milimita hizo zinaonekana ndogo mpaka mtu akae chini na kupiga hesabu, kwa hiyo tuipige pamoja.

Chukua gogo la msindano lililonyooka, la futi 12, lenye kipenyo cha sentimita 22 kwenye ncha nyembamba bila ganda. Tunataka katikati yake kipande chenye unene wa inchi 4, ambacho baadaye kitakatwa kuwa mbao za inchi 2 kwa 4. Katika mviringo wa sentimita 22, kipande hicho kitakuwa na upana wa milimita 195. Msumeno wa mkanda wenye njia ya milimita 2.5 utatoa humo mbao tatu za inchi 2 kwa 4 pamoja na ubao mmoja wa inchi 1 kwa 4, na nafasi ya milimita 9 au 10 itabaki. Sahani yenye njia ya milimita 6 ingehitaji karibu milimita 196 ili kutoa mbao hizohizo, kwa hiyo ule ubao wa nne unakosekana kwa upungufu usiofikia hata milimita moja. Tukija kwenye pande mbili zilizobaki, mkanda utatoa kila upande ubao wa inchi 1 kwa 6, ambao ndio unaopendwa sokoni, na sahani nene itaishia kwenye inchi 1 kwa 5. Gogo ni lilelile na mti ni uleule, lakini kwa magogo 200 mkulima amepoteza mbao 200 za inchi 1 kwa 4, na mbao 400 za pembeni zimepungua inchi moja ya upana.

Tunaweza kuiona hasara hiyo kwa njia nyingine. Ujazo wa gogo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha katikati kwa kipenyo hichohicho, kisha kwa 0.7854, kisha kwa urefu, vipimo vyote vikiwa katika mita. Kama gogo letu lina sentimita 24 katikati na urefu wa mita 3.7, ujazo wake ni mita za ujazo 0.167. Mbao za msumeno wa mkanda zina jumla ya 0.094, yaani asilimia 56 ya gogo, na zile za sahani zina 0.080, yaani asilimia 48. Hesabu hizi ni za gogo lisilopinda, mashine iliyonyooka na fundi makini, na hazina ziada ya kufidia kunywea kwa mbao zinapokauka. Mashine isiyotunzwa, yenye sahani inayoyumba, hushuka hadi theluthi moja ya gogo au chini ya hapo, maana yake theluthi mbili za mti uliolelewa kwa miaka mingi zinabaki chini kama takataka. Simwambii mkulima aikatae dingdong, kwa kuwa katika vijiji vingi hakuna nyingine. Namwambia apime, aandike, na ajue anacholipa.

Kazi ya kuokoa mbao huanza kabla mashine haijafika. Miti ya misindano iliyokatwa ikiwa na miaka 8 au 10 hutoa magogo membamba, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka karibu na kiini, ambako mbao ni laini na hujipinda na kujinyonga zikikauka. Anayeweza kusubiri hadi miaka 18 au zaidi asubiri. Baada ya kuangusha mti, usikimbilie kuukata vipande vya futi 12 kuanzia shinani bila kuutazama. Utembee urefu wote, tafuta mahali unapopinda, na mkato uangukie papo hapo kwenye pindo, ili kila gogo linalopatikana liwe limenyooka kwa kadiri inavyowezekana, hata kama moja litakuwa la futi 10. Futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo kata mita 3.70 au 3.75, kwa sababu ncha za gogo hupasuka kidogo na ubao unaopungukiwa inchi mbili hushushwa bei sawa na uliopungukiwa futi moja.

Magogo yavutwe bila kugaagaa kwenye matope. Jambo hili hupuuzwa sana, ilhali mchanga ulioingia kwenye ganda hufuta makali ya meno ndani ya muda mfupi, na msumeno butu ndio unaozaa mbao zenye mawimbi. Kama gogo limechafuka, ondoa ganda kwa panga au shoka pale tu msumeno utakapoingilia. Misindano ipasuliwe mapema baada ya kuangushwa, hasa miezi ya mvua kuanzia Novemba, kwa kuwa kuvu huingia kwenye magogo yaliyolala na kuacha madoa ya bluu. Madoa hayo hayapunguzi sana nguvu ya ubao, lakini mnunuzi akiyaona hushusha bei bila huruma.

Mashine isimikwe mahali palipo tambarare na pakavu, mbali na kijito, na meza yake isawazishwe kwa pima maji kabla ya injini kuwashwa. Meza iliyoinama upande mmoja hutoa ubao wenye inchi 2 kichwani na inchi 2 na robo mkiani, na hapo hakuna ufundi utakaouokoa. Pima ubao wa kwanza sehemu tatu, yaani ncha zote mbili na katikati. Tofauti ikizidi milimita 3, simamisha kazi, rekebisheni mashine, ndipo muendelee. Mbao zitakazouzwa zikiwa kavu ziongezewe milimita 1 hadi 2 kwa kila inchi ya unene ili zikinywea zibaki na kipimo chake.

Mkato wa kwanza ndio unaoamua mingine yote. Fundi atazame gogo kutoka ncha nyembamba, apange kichwani mwake mbao anazozitaka, na kuondoa banzi jembamba tu la kutosha kufungua uso wa ubao wa pembeni. Ukiona mabanzi yana unene wa kiganja, jua kwamba ubao mzima umetupwa pamoja na ganda. Gogo lililopinda kidogo lilazwe mgongo juu, ili pindo liondolewe na mabanzi ya pande mbili badala ya kugawanywa katika kila ubao. Kiini kibaki ndani ya ubao mmoja mnene wa katikati. Kikigawanywa kati ya mbao mbili nyembamba, zote mbili zitajipinda.

Milingoti, au mikaratusi kama wengine wanavyoiita, inataka uangalifu wa namna yake. Mti huu hubeba mvutano mkubwa ndani ya shina, na unapoukata tu unaweza kusikia ncha za gogo zikilia na kuona nyufa zikitambaa kutoka kwenye kiini kama miale ya jua. Ukipasua kutoka upande mmoja mpaka umalize, gogo litainuka kama upinde na kila ubao utakuwa na unene wake. Ondoa banzi na ubao mmoja upande huu, geuza gogo, ondoa kiasi hichohicho upande wa pili, endelea hivyo kwa zamu, na katikati acha kipande chenye kiini kwa matumizi yasiyohitaji ubao mzuri. Magogo ya milingoti yapasuliwe siku chache tu baada ya kukatwa, na yakilazimika kusubiri, ncha zake zipakwe rangi nzito au nta na yawekwe kivulini.

Msumeno wenyewe husema ukianza kuchoka, na mkulima asiye fundi anaweza kuisikia lugha hiyo. Msumeno mkali hutoa chembe zinazoonekana kwa macho, na msumeno butu hutoa unga mwembamba kama wa sembe. Injini huanza kuguna na kutoa moshi mweusi, ubao hutoka na manyoya, na harufu ya kuungua husikika. Hapo fundi anoe, asisukume gogo kwa nguvu zaidi. Meno ya sahani yawe na urefu na mtanuko sawa pande zote mbili, vinginevyo sahani itavutwa upande mmoja. Msumeno wa mkanda hubadilishwa baada ya saa chache za kazi, na mvutano wake hulegezwa jioni kazi inapokwisha. Utomvu wa msindano hugandamana kwenye msumeno wa mkanda, na maji yenye sabuni kidogo yanayodondoka muda wote wa kupasua huuzuia.

Kuhusu usalama sitafuti maneno laini. Mbao inayojibana nyuma ya sahani ya dingdong hurushwa kumrudia msukumaji kwa nguvu ya kuua, na kinga yake ni kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya sahani na kuuweka wazi mpasuo. Mashine nyingi zimeondolewa kisu hicho, na pia vifuniko vya mkanda wa injini. Mashine iliyo katika hali hiyo isipewe kazi shambani mwako, hata kama mwenyewe anaahidi bei ya chini. Asiwepo mtu anayesimama kwenye mstari wa sahani, unga usiondolewe kwa mkono wakati sahani inazunguka, watoto wasije kuokota mabanzi kabla ya injini kuzimwa, na wapasuaji wavae viziba masikio, miwani na viatu vigumu. Katika miezi ya kiangazi, maji na matawi mabichi ya kuzimia moto yawe karibu, kwa kuwa injini yenye moto na unga mkavu ni majirani wabaya.

Malipo nayo yatazamwe upya. Desturi ya kumlipa mwenye mashine kwa kila ubao humfanya aharakishe na kupendelea mbao nyembamba nyingi. Ni afadhali mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuanza: vipimo vinavyotakiwa, tofauti ya unene inayovumilika, na kwamba ubao ulio nje ya vipimo kwa kosa la mashine haulipwi. Kuhusu kusafirisha, mbao za shamba binafsi nazo zinahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wengi huiita TP, kwa hiyo muone ofisa misitu wa wilaya mapema, kabla gari halijakodiwa.

Mbao zikishapasuliwa zisilale chini hata usiku mmoja. Tengeneza misingi ya magogo au matofali yenye kimo cha sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, panga mbao za unene mmoja pamoja, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya inchi 1, vikiachana sentimita 60 hivi, kila kijiti kikiwa juu kabisa ya kijiti kilicho chini yake. Vijiti vikipishana, ubao huning'inia katikati na kukauka ukiwa umepinda, na pindo hilo halitoki tena. Rundo lifunikwe juu kwa mabati au mabanzi yaliyoinamishwa, pande ziachwe wazi kwa upepo, na mawe mazito yawekwe juu ili tabaka za mwisho zisijinyonge. Kila rundo lichaguliwe kipande kimoja cha ubao, kiandikwe alama, kipimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile, na tarehe na kilo ziandikwe kwenye daftari. Ubao mbichi wa msindano hupoteza uzito kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, na wiki ambayo uzito unaacha kushuka ndiyo wiki ya kumwita mnunuzi.