Kuchambua mauaji ya Ramesses III barazani

Hapa Mji wa Kale barazani, watu wanane watosha kuchambua mauaji ya Ramesses III, mfalme wa Misri ya kale. Bandikeni manila ukutani, mpige safu tatu: mwili, hati, dhana. Msizichanganye; hapo ndipo wengi hupotea.

Anzeni na mwili. Picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) za maiti yake, zilizochapishwa 2012, zilionyesha koo lililokatwa hadi mfupani, na ndani ya jeraha hirizi ya jicho la Horus, mungu wa Wamisri, imewekwa na waliomhifadhi maiti.

Kisha hati ya kesi ya njama ya kumwua, iliyoko Turin, Italia: Tiye mke wa mfalme, mwanawe Pentawere, watumishi wa ndani. Majina yasomeni kwa hadhari. Mesedsure, "Ra (mungu jua) amchukia", ni jina alilopachikwa mshtakiwa. Hata baadhi ya mahakimu walikatwa pua na masikio kwa kustarehe na washtakiwa.

Aliyeshika kisu hatajwi. Jina lolote mtakalopendekeza, liandikeni safu ya dhana, kwa penseli.