Kabla duka halijawa la vinyago: namna ya kulipiga picha na kulirikodi

Maduka ya Mkunazini na Hurumzi, mitaa ya Mji Mkongwe hapa Zanzibar, yanageuka upesi. Leo ni la fundi cherehani, mwakani linauza vinyago na fulana za wageni. Biashara hubadilika, lakini linaniuma duka kufungwa bila hata picha moja. Mimi huyarikodi kwa simu tu, na ninafanya hivi.

Kamera ikae mfukoni kwanza. Nunua kitu, sindano au ubani kidogo. Amkia, ulizia hali za nyumbani, ndipo ueleze shida yako: picha zitawekwa wapi, sauti nani ataisikiliza. Akisema maneno sawa lakini picha hapana, basi chukua maneno. Wapo kina mama wasiotaka sura zao zionekane. Piga mikono ikipima iliki au ikikunja kanga.

Vichochoro vyetu ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo jua la saa sita huacha upande mmoja unawaka na wa pili giza tupu. Nenda saa tatu asubuhi au baada ya sala ya alasiri, mwanga ukigonga kuta za chokaa na kuingia dukani taratibu. Taa ya simu usiiwashe. Anza nje, upate baraza na mlango wote, hasa ile milango ya mbao ya kukunja. Kisha ingia ndani: mizani na mawe yake, makopo, kibao cha jina. Usipange kitu. Ukishapanga rafu, hilo ni duka lako, si lake. Daftari la mkopo lipige jalada tu. Majina ya ndani ni ya majirani.

Mazungumzo ndiyo kazi yenyewe. Ukimwambia mtu mzima "nihadithie historia yako", atakujibu maneno mawili. Shika kitu: "Ami, mizani hii uliinunua au uliikuta?" Hapo atakutajia aliyekaa dukani kabla yake, na wakati watu walipopima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Mwaka usimlazimishe. Muulize kwa mambo tuliyoyaona sote: kabla ya Mapinduzi ya 1964 au baada? Na umeme ulipokatika kisiwa kizima, Desemba 2009 hadi Machi 2010, mlikuwa mkifanyaje? Swali hili nalipenda kuliko yote, maana kila mwenye duka ana lake: aliyeuza mishumaa, aliyepoteza mali ya frijini, aliyenunua jenereta. Akifika 1964 akanyamaza, mwache anyamaze. Rudi kwenye mizani.

Omba panka lizimwe, simu uilaze kaunta juu ya kitambaa. Vespa ikipita, subiri. Mteja akiingia, simamisha kurikodi, yeye hajakuruhusu.

Usiku huohuo andika tarehe, mtaa, jina la duka na nani kasema nini. Nakala weka kwenye flashi, nyingine mpe mwanawe. Halafu safisha picha mbili tatu za karatasi umpelekee, na umwombe urikodi tena. Akiishika mkononi ataanza kukusahihisha: rafu ile aliitengeneza nani, kwenye kona ile palikuwa na nini. Mengi niliyonayo nimeyapata siku hiyo ya pili.